Biro mu nyumba: simu gani ya intaneti haitakula feza yenu?

Ndugu msomaji, tuanze na meza. Katika nyumba nyingi za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, kuna meza moja mu saloni ambayo mchana inaitwa biro, na mangaribi inarudi kuwa meza ya kula. Juu yake kuna daftari, karatasi za mizigo, mashine ya kuhesabia, na telefone ambayo haipumziki. Tangu mpango wa kuacha kazi kwa hiari ulioanza Gécamines mwaka 2003, ambapo watumishi zaidi ya 10 000 walitoka katika kazi, jamaa nyingi zimejifunza kutafuta mkate kwenye meza ya namna hiyo.

Tuseme meza hiyo ni ya kwenu. Baba anatafutia watu malori ya mizigo inayopita Kasumbalesa. Mama anaagiza vitambaa kutoka Dubai. Mwisho wa mwezi, mama anafungua daftari:

— Baba ya batoto, hii mwezi unite ya telefone ilikula makuta kupita minervali ya mutoto!

— Njo kazi, mama. Kama sipigi telefone, batu banaenda kwa mwengine.

Kijana anajibu kutoka pembeni:

— Papa, mupigake paka mu WhatsApp. Iko bule.

— Bule? Na mega tunauzaka na nini?

Hapo, msomaji, mama amesema neno. Wazee wanatuambia kwamba bure ghali. Lakini kijana naye hakukosea kabisa. Simu ya intaneti yaweza kweli kupunguza gharama ya biro ya nyumbani, mradi tu mjue kuichagua. Tuangalie pamoja.

TULITOKA WAPI

Wazee wetu wanakumbuka foni, ile redio ya kuongea na Kinshasa, Kolwezi au Likasi. Ulisema neno lako, ukamaliza na «à vous», ukangoja. Mtaa mzima ulisikia habari za jamaa yako. Simu za mkononi zilienea kwetu baada ya mwaka 2000, Celtel ilipoanza, na Vodacom ikafuata 2002.

Wakati huohuo, ng'ambo, jambo jingine lilikuwa limekwisha kuanza. Mwaka 1995, kampuni ya Israeli iitwayo VocalTec ilitoa programu ya kupitisha sauti katika intaneti kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Skype ilifuata 2003. WhatsApp, iliyozaliwa 2009, ilianza kupiga simu za sauti 2015, na za picha 2016. Leo hata mama anayeuza makala anaijua.

SAUTI INASAFIRI NAMNA GANI

Fikiria gunia kubwa la makala linalotoka porini kuja Lubumbashi. Badala ya kulipakia lori moja, unaligawanya katika vifurushi vidogo, kila kimoja na namba yake, unavipa vijana wengi wa baiskeli. Wengine wanapita njia hii, wengine ile. Mjini, vifurushi vinapangwa tena kwa namba.

Njo vile sauti yako inavyokatwa na kupelekwa. Lakini kuna tofauti moja: baiskeli inayochelewa, kifurushi chake kinatupwa, kwa sababu mazungumzo yamekwisha kupita. Ndipo unasikia «Bwa… lori… saa…» na hujui lori limefika au limepinduka. Wataalamu wa simu wa dunia wanashauri sauti isichelewe njiani zaidi ya milisekunde 150, yaani karibu sehemu moja ya saba ya sekunde. Ikizidi sana, mnaanza kukatizana maneno, na mnarudi kwenye «à vous» ya zamani.

SWALI LA KWANZA: UNAONGEA NA NANI?

Usianze na programu. Anza na daftari. Kwa juma moja, andika kila simu: ulimpigia nani, yuko wapi, dakika ngapi, na kama ana telefone ya intaneti. Juma likiisha, utaona mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni watu wenye intaneti, kama mshiriki wa Johannesburg. Kwao, programu kama WhatsApp, Signal au Telegram zinatosha. Hulipi dakika, unalipa mega tu. Tena mbali si gharama: dakika ya Johannesburg inakula mega sawa na dakika ya Kamalondo.

Fungu la pili ni watu wa hapa wenye telefone ndogo za vibonyezo, kama dereva aliye njiani. Huyo intaneti haimfikii. Umpigie simu ya kawaida, kwa forfe ya dakika ya kampuni anayotumia yeye. Usione haya; kwa fungu hili simu ya kawaida mara nyingi ndiyo rahisi.

Fungu la tatu ni maofisi ya ng'ambo yenye simu ya mezani tu. Hapa kuna huduma za intaneti zinazopigia namba za kawaida kwa malipo ya dakika, kama Viber Out. Kuna pia kampuni zinazokodisha namba ya nchi nyingine, kwa malipo ya kila mwezi: mteja wa Ubelgiji anapiga namba ya kwao, nayo inalia mezani kwako Lubumbashi. Ni vizuri kwa biro yenye wateja wengi ng'ambo. Kwa mwenye simu mbili kwa mwezi, ni feza ya kutupa. Tena angalia bei ya kupiga namba za +243: mara nyingi kupiga Kongo kupitia huduma hizo ni ghali kuliko kupiga Ulaya.

SWALI LA PILI: DAKIKA MOJA INALIPWA NGAPI?

Fanya jaribio hili na vijana wa nyumba. Katika WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, pahali pa hifadhi na data, usome hesabu ya matumizi. Ongea dakika 10, kisha usome tena. Tuseme imepanda mega 5. Basi kwako dakika moja ni nusu mega. Palepale kuna kibonyezo cha kutumia data kidogo wakati wa simu. Kiwashe, upime tena.

Sasa tupige hesabu kwa bei ya mfano tu. Wewe weka bei ya kabine ya kwenu. Tuseme forfe ya mega 1 000 ni franka 3 000. Mega moja ni franka 3, na dakika ni franka moja na nusu. Rahisi kabisa! Lakini ngoja. Ikiwa forfe hiyo inakufa baada ya saa 24, na wewe umetumia mega 200 tu, basi kila mega ilikulipisha franka 15, na dakika imekuwa franka saba na nusu. Mara tano!

Kwa hiyo, forfe kubwa ya siku moja si lazima iwe rahisi kuliko ndogo ya mwezi. Biro inayoongea dakika 30 kila siku, siku 26 za kazi, inahitaji kwa sauti karibu mega 390 kwa mwezi. Zilizobaki zinakwenda wapi? Kwa video za vijana, bila shaka. Simu ya picha nayo inakula mara nyingi zaidi ya sauti. Biro iongee kwa sauti. Picha tupatie shangazi siku ya sikukuu.

SWALI LA TATU: INTANETI YENYEWE INATOKA WAPI?

Huduma nzuri juu ya rezo mbaya ni kama gari jipya katika matope ya mvua. Jaribu kadi za SIM za kampuni mbalimbali ndani ya nyumba yenu, si kwenye barabara kubwa. Piga saa nne asubuhi, saa tisa, na saa moja jioni, siku tatu. Andika: ilisikika vizuri, ilikatika, ilichelewa. Kisha nunua kwa kampuni iliyoshinda mezani kwenu, hata kama jirani anasifu nyingine.

Penye waya wa fibra, biro mbili tatu za majirani zaweza kuuliza bei. Kuna pia setilaiti. Zile za zamani ziko juu kilomita 36 000. Sauti kupanda na kushuka inakula karibu robo ya sekunde, hata mwanga wenyewe hauwezi kwenda upesi zaidi. Zile za Starlink ziko karibu kilomita 550, kwa hiyo hazicheleweshi hivyo. Nchini kwetu Starlink ilikatazwa mwaka 2024, kisha ikapewa ruhusa 2025. Lakini chombo na malipo ya kila mwezi ni mzigo kwa meza moja. Pigeni hesabu kwanza.

UMEME UKIKATIKA

Telefone ina betri, lakini ruta inazima mara moja. Ruta nyingi ndogo zinatumia karibu wati 10. Betri ya volti 12 na amperi-saa 7 ina wati-saa 84. Ukihesabu kwamba haifai kuimaliza yote, utapata saa nne au tano. Angalia volti iliyoandikwa nyuma ya ruta kabla ya kuunga: ruta ya volti 9 ukiipa 12, waweza kuiunguza.

Na intaneti yenyewe ikizimwa? Tulikwisha kuiona. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini karibu siku 20. Aliyekuwa na namba za wateja ndani ya telefone tu, bila unite za kawaida, alikaa kimya. Kwa hiyo biro isitegemee mguu mmoja. Weka unite kidogo pembeni, na andika namba zote kwenye karatasi. Kumbuka pia kwamba WhatsApp haipigi namba za msaada wa haraka. Mutoto akiungua usiku, ni simu ya kawaida itakayokusaidia.

NAMBA NI YA NANI?

Swali hili linavunja biro na jamaa kuliko bei. Namba inayojulikana na wateja iliandikishwa kwa jina la nani? Mara nyingi ni la mpwa aliyekuja na kadi ya SIM siku ile. Mpwa akihamia Kolwezi, au mkikosana, wateja wanakwenda naye. Andikisha namba kwa jina la mwenye kazi, leo, wakati mnapendana bado.

Halafu mlinde. WhatsApp inatuma namba ya siri yenye tarakimu 6 unapofungua telefone mpya. Mtu akikupigia, hata kwa sauti tamu ya «mtumishi wa kampuni», akaomba tarakimu hizo, anataka kuchukua biro yako, halafu aombe feza kwa jina lako kwa wateja. Usimpe, hata kama anaita «mama» mara kumi. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, uweke namba yako mwenyewe ya tarakimu 6.

Tena, usiweke feza nyingi mbele katika huduma moja. Skype, iliyojulikana duniani kote, ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Nunua ya mwezi mmoja, ujaribu. Na mtu akikuahidi faida ukimruhusu aweke nyumbani kwako mashine yenye kadi nyingi za SIM, ya kuingiza simu za ng'ambo, mkatalie: huo ni wizi wa simu, na polisi watamkuta mwenye nyumba kwanza.

TURUDI MEZANI

Baada ya mwezi wa kuandika, yule baba na yule mama wanaweza kupanga hivi: Johannesburg kwa WhatsApp, sauti tu, Dubai kwa ujumbe wa kuandika, kwa sababu simu za WhatsApp zimezuiwa kule, madereva kwa forfe ya dakika, hakuna namba ya kukodi, kwa sababu haiwafai. Mega za biro ziko kwenye telefone ya biro, na kijana anajinunulia zake za mpira. Wanaweka hata saa ukutani: Dubai iko mbele yetu saa mbili, Uchina saa sita, na Kinshasa iko nyuma saa moja. Simu inayopigwa wakati mwenzako amelala ni mega bure.

Nanyi vijana, msiseme tu «iko bule». Ninyi mnaojua vibonyezo, keti na mzazi wako jioni moja, mpime mega pamoja, mwandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na wazazi, kijana akipima vizuri na feza ikabaki, mwambieni ni ngapi. Labda njo ile ilikuwa inakosekana ku minervali yake.