Nyongeza katika chakula cha kuku wa nyama: Ipi ni lishe na ipi ni dawa?

MFUGAJI wa kuku wa nyama anapoingia katika duka la dawa za mifugo, iwe ni Thika, Kakamega au Kilifi, hulakiwa na rafu iliyosheheni pakiti na chupa za kila rangi. Nyingi huwa na picha ya jogoo aliyenona pamoja na ahadi ya ukuaji wa haraka.

Katika rafu hiyo, vitamini hukaa bega kwa bega na madini, dawa za minyoo na antibiotiki. Muuzaji na mnunuzi aghalabu huziita zote kwa jina moja tu: dawa ya kuku.

Jina hilo moja ndilo chanzo cha matatizo mengi. Baadhi ya bidhaa hizo ni lishe ambayo kuku hawezi kukua bila kuipata. Nyingine ni dawa za jamii moja na zile ambazo hospitali hutegemea kuwatibu watu wenye nimonia, vidonda vilivyooza au maambukizi ya damu.

Mfugaji asiyetofautisha makundi haya mawili hupoteza fedha zake. Hata hivyo, hasara ya pili ni kubwa zaidi na haimwangukii yeye peke yake.

Mahitaji ya kuku

Kifaranga wa siku moja huwa na uzani wa takriban gramu 40. Akitunzwa vyema, hufikia kilo mbili katika muda wa majuma matano au sita. Kwa maneno mengine, uzani wake huongezeka mara 50 kabla ya miezi miwili kutimia. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi kadhaa kufikia kiwango hicho.

Mwili unaojengwa kwa kasi namna hiyo hauwezi kutosheka na mahindi na pumba pekee. Mahindi yana nguvu tele, lakini yana upungufu wa lisini na methionini, ambazo ni sehemu muhimu za protini. Ndiyo maana watengenezaji wa chakula cha kuku huongeza soya, omena au mashudu ya alizeti, kisha hukamilisha kwa kiasi kidogo cha lisini na methionini zilizotengenezwa viwandani.

Kuku wa kienyeji hujitafutia mengine mwenyewe. Huparura wadudu, hudonoa majani mabichi na huota jua, ambalo huuwezesha mwili wake kutengeneza vitamini D. Kuku wa nyama hushinda bandani. Asipopewa vitamini hiyo katika chakula, mifupa yake hulegea na miguu hupinda kabla hajafikia umri wa kuuzwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa madini. Takriban thuluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka imefungwa kwa namna ambayo tumbo la kuku haliwezi kuifungua vizuri. Kimeng'enya kiitwacho fitasi, ambacho kilianza kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo mapema katika miaka ya 1990, hufanya kazi hiyo ya kufungua.

Kwa hakika, elimu ya vitamini ina deni kubwa kwa kuku. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aligundua kwamba kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa walidhoofika miguu hadi wakashindwa kusimama. Waliporejeshewa mchele wenye ganda lake la ndani, walipona. Uchunguzi huo ulifungua njia ya kutambuliwa kwa vitamini B1, na mnamo 1929 Eijkman alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Funzo la Java lina pande mbili. Kuku aliyepungukiwa huimarika haraka anapopewa kilichokosekana. Lakini asiyepungukiwa hapati faida ya ziada. Mfugaji anayenunua chakula kilichokamilika kutoka kwa kiwanda cha kuaminika, kisha akatia vitamini majini kila siku, anamimina maji katika mtungi uliojaa. Vitamini A na D zikizidi mno huweza hata kumdhuru kuku.

Antibiotiki ilivyoingia katika chakula

Antibiotiki iliingia katika chakula cha kuku kwa sadfa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, wanasayansi Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara za Lederle nchini Marekani walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga.

Waliwalisha vifaranga masalio ya vijidudu vilivyotumika kutengeneza antibiotiki iitwayo aureomaisini. Vifaranga hao walikua kuliko vile ambavyo vitamini B12 peke yake ingeweza kueleza. Ilibainika kwamba siri ilikuwa mabaki ya dawa yenyewe.

Habari hizo zilienea upesi. Katika miaka ya 1950, ikawa kawaida katika nchi za viwanda kuchanganya kiasi kidogo cha antibiotiki katika chakula cha kuku na nguruwe wasio na ugonjwa wowote, ili wanenepe haraka kwa chakula kichache.

Onyo lilikuwa limeshatolewa. Alipopokea Tuzo ya Nobel mnamo 1945, Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitahadharisha kwamba bakteria wakipewa kiasi kidogo cha dawa kisichotosha kuwaua, hujifunza kuistahimili. Kiasi kidogo kisichotosha kuua ndicho hasa kilichokuwa kikitiwa katika chakula cha mifugo.

Jaribio la Massachusetts

Katikati ya miaka ya 1970, daktari Stuart Levy wa Marekani aliamua kuupima wasiwasi huo shambani. Katika boma moja jimboni Massachusetts, yeye na wenzake waligawanya kuku 300 katika makundi mawili. Kundi moja lililishwa chakula chenye oksitetrasaiklini, na jingine chakula kisicho na dawa.

Katika muda wa juma moja tu, karibu bakteria wote waliopatikana katika matumbo ya kuku wa kundi la kwanza walikuwa sugu kwa tetrasaiklini.

Matokeo ya pili ndiyo yaliyowashtua wengi. Baada ya miezi mitano au sita, jamaa walioishi katika shamba hilo walionekana kuwa na bakteria sugu wengi zaidi matumboni kuliko majirani zao, ilhali hawakuwa wakitumia dawa hiyo. Utafiti huo ulichapishwa mnamo 1976.

Nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Michael Swann ilikuwa tayari imependekeza mnamo 1969 kwamba antibiotiki zinazotibu watu zisitumiwe kunenepesha mifugo. Uswidi ilizipiga marufuku kwa matumizi hayo mnamo 1986.

Mfano wa Denmark ndio unaotajwa zaidi na watafiti, kwa sababu nchi hiyo iliweka takwimu makini. Mnamo 1995 ilipiga marufuku avopasini, dawa iliyokuwa ikitiwa katika chakula cha kuku na ambayo ni ndugu wa vankomaisini, mojawapo ya dawa ambazo hospitali huzihifadhi kwa wagonjwa mahututi.

Mwaka huo, zaidi ya asilimia 70 ya bakteria wa aina ya enterokoki waliopimwa kutoka kwa kuku wa nyama walikuwa sugu. Kufikia mwaka wa 2000, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 10.

Je, wafugaji walifilisika? La. Wafugaji wa kuku wa nyama nchini humo waliacha antibiotiki zote za kunenepesha mnamo 1998. Vifo vya kuku havikuongezeka, na chakula kilichohitajika kwa kila kilo ya nyama kilipanda kidogo sana. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku zote kuanzia Januari 1, 2006.

Marekani ilifuata mnamo 2017 kwa kukomesha matumizi ya kunenepesha kwa dawa zenye umuhimu katika tiba ya binadamu. China ilikomesha antibiotiki za kukuza mifugo katika chakula mnamo 2020, miaka mitano baada ya watafiti wake kutangaza kwamba wamegundua jeni inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini, dawa ya mwisho kwa baadhi ya maambukizi.

Desturi ya kutia dawa majini

Nchini Kenya, mashaka hayapo tu katika chakula kinachotoka kiwandani. Yapo pia katika ndoo ya maji bandani.

Wafugaji wengi hutia antibiotiki katika maji ya vifaranga katika siku za kwanza, kisha hurudia kila hali ya hewa inapobadilika. Husema kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Methali hiyo ni ya kweli, lakini antibiotiki si kinga.

Maradhi yanayofyeka kuku kwa wingi zaidi, kama vile Newcastle na Gumboro, husababishwa na virusi. Hakuna antibiotiki inayoua virusi. Kinga yake ni chanjo, iliyotunzwa katika baridi ifaayo na kutolewa kwa wakati.

Isitoshe, baadhi ya pakiti huchanganya vitamini na oksitetrasaiklini katika unga mmoja. Mfugaji hudhani kwamba anawapa kuku wake lishe, kumbe anawapa dawa kila siku kwa kiasi cha kijiko kilichokadiriwa kwa jicho. Samadi ya kuku hao hatimaye hupelekwa kwenye shamba la sukumawiki, na bakteria sugu huenda nayo.

Madhara yake hayana mipaka. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mnamo 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019, huku mzigo mkubwa zaidi ukiwa Afrika kusini mwa Sahara. Si usugu wote unaotoka mabandani, kwani watu pia hutumia dawa ovyo. Lakini banda ni mojawapo ya milango, na ni mlango unaoweza kufungwa.

Serikali ya Kenya ilizindua sera na mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu huo mnamo 2017. Mnamo 2019, kituo cha kimataifa cha utafiti kuhusu suala hilo kilizinduliwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, jijini Nairobi.

Njia mbadala

Watafiti wamekuwa wakitafuta badala ya antibiotiki kwa miongo kadhaa. Mnamo 1973, Esko Nurmi na mwenzake Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga waliopewa bakteria wema kutoka kwa kuku wazima hawakuambukizwa salmonela kwa urahisi. Wema hao huwahi nafasi tumboni, na waovu hukosa pa kukaa. Huo ndio msingi wa bidhaa nyingi zinazouzwa leo kwa jina la probiotiki.

Bidhaa hizo husaidia, ila matokeo hutofautiana kulingana na aina ya bakteria na jinsi walivyohifadhiwa. Haziwezi kufidia maranda yaliyolowa, msongamano au baridi ya usiku.

Utafiti mwingine umehusu chakula chenyewe. Uchunguzi uliofanywa Kenya na kuchapishwa mnamo 2018 ulionyesha kwamba unga wa mabuu ya nzi mweusi unaweza kuchukua sehemu ya soya na omena bila kupunguza ukuaji wa kuku wa nyama wala kubadili ladha ya nyama, na mfugaji akabakiwa na faida zaidi.

Kuna pia suala la aflatoksini, sumu ya ukungu iliyoua watu 125 mwaka wa 2004, hasa katika eneo la Ukambani. Mahindi yanayokataliwa jikoni mara nyingi huishia katika chakula cha kuku. Sumu hiyo huharibu ini na kudhoofisha kinga ya mwili, kiasi kwamba hata chanjo haifanyi kazi ipasavyo. Mfugaji huona kuku wakizidi kuugua, akaongeza antibiotiki, asijue kwamba adui yumo kwenye gunia.

Ipo nyongeza ya udongo maalumu, kama vile bentonaiti, inayonasa aflatoksini tumboni kabla haijaingia mwilini. Hata hivyo, udongo huo haugeuzi mahindi yaliyooza kuwa chakula.

Kabla ya kulipa

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha ya jogoo si maelezo. Mnunuzi anapaswa kugeuza pakiti na kusoma orodha ya viambato. Majina kama vile oksitetrasaiklini, doksisaiklini, enrofloksasini, kolistini, tailosini na sulfa yanaonyesha kwamba hiyo ni antibiotiki, hata kama vitamini zimetajwa kwa herufi kubwa zaidi. Dawa hiyo inahitaji daktari wa mifugo aliyewaona kuku wenyewe.

Tahadhari nyingine ni kuhusu dawa za kuzuia kuhara damu zinazochanganywa katika chakula cha kuku. Baadhi yake, kama vile monensini, zinaweza kumuua punda au farasi akilishwa chakula hicho.

Jambo la mwisho ni siku za kusubiri. Kila dawa ina idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya dozi ya mwisho na kuchinjwa, ili mabaki yatoke katika nyama. Idadi hiyo huandikwa kwenye kibandiko. Kupika huua bakteria, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa.

Hapo ndipo mfugaji hupimwa. Kuku wake wana siku 33, wameanza kukoroma, na mnunuzi amesema atakuja Ijumaa. Akiwatibu, lazima asubiri na kuwalisha kwa siku zaidi, na huenda mnunuzi akaenda kwingine. Akiwatibu na kuwauza siku hiyo hiyo, hakuna mteja hotelini atakayetambua kwa kuonja.

Mfugaji aliyeandika katika daftari tarehe za chanjo, chakula na dawa anaweza angalau kumwambia mnunuzi ni siku gani nyama hiyo itakuwa salama. Asiyekuwa na daftari hukisia, na gharama ya makisio yake hulipwa na mlaji.