Sura ya Tano: Mkuu wa Mkoa Mbele ya Hakimu Mkazi

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inatamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na katika makosa ya kujamiiana maandishi ya sheria hayamtambui mkubwa wala mdogo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezewa makali mwaka 1998, kinampa anayetiwa hatiani kwa kumwingilia mtu kinyume na maumbile kifungo cha maisha, au angalau miaka 30, awe mchuuzi wa dagaa wa mwalo wa Kirumba au mteule wa Rais. Kinga, yaani ulinzi wa kisheria unaozuia mtu asishtakiwe kwa jinai, hulinda Rais aliye madarakani. Mkuu wa mkoa hana kinga hiyo.

Hata hivyo, mkuu wa mkoa ana kitu kingine kinachokaribia kinga. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, ambamo kamanda wa polisi wa mkoa ni mjumbe, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Msichana anayetaka kumshtaki kiongozi wa namna hiyo huanza safari yake kaunta ya kituo cha polisi, ambako huelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto na kupewa PF3, fomu ya polisi anayokwenda nayo hospitalini ili daktari aandike alichokiona mwilini. Fomu hiyo hutolewa na askari ambaye mabosi wa mabosi wake huketi meza moja na mtuhumiwa, au na mwenzake wa mkoa jirani, na kila saa inayopotea hapo kwa kusitasita, au kwa ushauri kwamba jambo liishe kifamilia, hufuta dalili ambazo daktari hawezi kuzirudisha.

Kwa sababu hiyo kesi ya Dkt. Yahaya Nawanda, aliyekuwa mkuu wa Mkoa wa Simiyu, inastahili kusomwa kwa makini. Juni 11, 2024, wakati tuhuma kwamba alimlawiti mwanafunzi wa chuo jijini Mwanza zikiwa zimeenea nchi nzima, Rais Samia Suluhu Hassan alitengua uteuzi wake. Julai alipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Mwanza, akakana shtaka. Na Novemba 29 mwaka huohuo mahakama ilimwachia huru kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha shtaka bila kuacha shaka. Hukumu hiyo inapaswa kuheshimiwa, na aliyeachiwa huru ana haki ileile ya kuhesabiwa hana hatia ambayo mvuvi wa Ukerewe angekuwa nayo.

Kipimo cha bila kuacha shaka kinahitaji kufafanuliwa, maana watu wengi husikia neno kuachiwa wakadhani mahakama imesema mlalamikaji kasema uongo. Hakimu hapimi nani anapendeza zaidi kusadikika. Anapima kama ushahidi wa Jamhuri umefunga kila mwanya wa mashaka ya msingi. Tangu shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba katika makosa haya ushahidi bora ni wa mwathirika mwenyewe, nao pekee unaweza kutosha ukiaminika, lakini mahakama hiyohiyo, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, ilifundisha kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema ndiye anayeaminika zaidi. Funzo hilo la pili ni la busara, ila humwelemea anayemwogopa mwenye cheo, kwa kuwa hofu ndiyo inayomchelewesha kusema. Tena kwa kuwa sheria inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana utolewe faragha, umma husikia shtaka na hukumu tu, na pengo la katikati hujazwa na uvumi.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda inaonyesha upande wa pili wa tatizo. Kizza Besigye, mpinzani mkuu wa Rais Yoweri Museveni, alikamatwa Novemba 2005 akashtakiwa kwa uhaini na ubakaji, akafanya kampeni huku akipanda na kushuka ngazi za mahakama, na Machi 2006, siku chache baada ya uchaguzi, Jaji John Bosco Katutsi alimwondolea shtaka la ubakaji na kuulaumu vikali ushahidi ulioletwa. Cheo kinachoweza kuchelewesha jalada la mmoja kinaweza pia kuharakisha la mwingine, na wanaoumia katika hali zote mbili ni wanawake ambao malalamiko yao ya kweli huanza kutazamwa kama siasa.

Usawa wa haki, basi, upimwe tangu kaunta ya polisi, kabla ya kumtazama hakimu. Mwanza kiongozi alifika kizimbani baada ya kalamu ya Rais kumvua cheo, jambo jema lakini lililotegemea utashi wa mtu mmoja. Sheria inapaswa kulazimisha kwamba mara tu mjumbe wa kamati ya usalama anapotajwa kwenye malalamiko, upelelezi uongozwe na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka kwa kutumia wapelelezi wa nje ya mkoa wake, naye akae kando hadi jalada lifungwe. Bunge lina uwezo wa kutunga kifungu hicho, na wananchi wa kanda ya ziwa wana kila sababu ya kuwadai wabunge wao.