Siku ya Shukrani ya Marekani: Imetoka Wapi?

Kila ifikapo Novemba hutufikia swali lile lile kutoka kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani. Shule zinafungwa, kazini watu wanapewa mapumziko, jirani anawaalika kula bata mzinga. Je, hii ni sikukuu ya Kikristo au ni siku ya taifa tu? Hukumu ya jambo hufuata kulijua lilivyo, kwa hiyo tumeona tueleze asili yake kwanza.

Wengi wamesikia kisa cha mwaka 1621 pale Plymouth, wahamiaji wa Kiingereza walipokula mavuno yao kwa siku tatu pamoja na watu wa Wampanoag. Karamu ile haikuanzisha sikukuu ya kila mwaka. Kilichoijenga ni matangazo ya marais. George Washington aliwataka wananchi waitenge Alhamisi ya tarehe 26 Novemba 1789 wamshukuru Mungu na kumwomba. Maneno yake ni ya dini waziwazi, ingawa hayakutaja dhehebu lolote.

Thomas Jefferson alikataa. Katika miaka yake minane hakutoa tangazo hata moja la aina hiyo, kwani aliona si kazi ya serikali kuwapangia watu siku ya kuomba. (Huyu ndiye aliyemwalika mjumbe wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli, tarehe 9 Desemba 1805, ndani ya Ramadhani, akasogeza chakula hadi jua kuzama.)

Abraham Lincoln ndiye aliyeirudisha mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuidai kwa miaka mingi. Akaiweka Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Tangu hapo ikawa ya kila mwaka.

Kisha ikaingia biashara. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na wenye maduka wakalalamika kuwa siku za manunuzi kabla ya Krismasi zitakuwa chache. Franklin Roosevelt akaifanya iwe wiki moja mapema zaidi. Karibu nusu ya majimbo yakakataa, na nchi moja ikawa na Siku za Shukrani mbili! Bunge likamaliza mzozo mwaka 1941 kwa sheria: Alhamisi ya nne.

Ile desturi ya rais kumsamehe bata mzinga asichinjwe ni ya juzi tu. George Bush mzee ndiye aliyeifanya rasmi mwaka 1989.

Si wote wanaosherehekea. Tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza ardhi na watu wao waliopotea.

Anayekwenda kumuuliza sheikh, basi, amweleze yote mawili: tangazo la rais limezoea kumtaja Mungu, lakini sheria haimlazimishi mtu ibada yoyote. Na huyo bata mzinga wa jirani amechinjwa na nani, hilo ni swali la peke yake.