Msomaji Aliyenyimwa Makala Naye Ahesabiwe

Maktaba ya chuo iliyozoea kujipima kwa wingi wa vitabu vyake na idadi ya vile vinavyoazimwa kila mwaka ililazimika kutafuta kipimo kingine mara mikusanyo yake ilipohamia kwenye kompyuta, kwa kuwa jarida la kielektroniki halikai rafuni wala halipigwi muhuri wa tarehe ya kurudishwa, na mara nyingi si mali ya maktaba hata kidogo, bali hulipiwa ada ya mwaka ambayo ikikatika, ruhusa ya kulisoma nayo hukatika. Mkutubi anayeomba fedha kwa uongozi wa chuo hana budi kueleza ni yapi kati ya yaliyolipiwa yanasomwa, na ni nani wanaoyasoma.

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1927, katika jarida la Science, Gross na Gross walieleza jinsi walivyohesabu marejeo, yaani kazi zilizotajwa na waandishi katika makala zao, yaliyomo katika jarida moja la kemia la Marekani la mwaka uliotangulia, ili maktaba ya chuo kidogo ijue majarida gani inayahitaji zaidi. Kazi ya namna hiyo ilipanuliwa sana na Eugene Garfield, ambaye taasisi yake mjini Philadelphia ilianza kuchapa Science Citation Index mwaka 1964, na kutokana nayo kikapatikana kigezo cha athari, ambacho ni idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimerejelewa katika mwaka mmoja, ikigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini huhesabu marejeo yanayotoka katika majarida yaliyoteuliwa tu, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na pia humwona tu msomaji ambaye naye huandika makala. Mwanafunzi aliyesoma makala kumi akafaulu mtihani, au muuguzi aliyesoma moja akabadili namna ya kumhudumia mgonjwa, haonekani popote katika hesabu hiyo.

Ili wasomaji wa aina hiyo nao waonekane, ilibidi yahesabiwe matumizi yenyewe, na hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa sababu kila mchapishaji alikuwa na namna yake ya kuhesabu na ripoti mbili hazikuweza kulinganishwa. Mradi uitwao COUNTER, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa wakutubi na wachapishaji, ulitoa mwaka uliofuata kanuni za utendaji zilizokusudiwa kumfanya kila mchapishaji ahesabu kwa namna moja. Toleo la tano la kanuni hizo, lililoanza kutumika mwaka 2019, linaagiza kwamba msomaji akibofya kiungo kilekile mara mbili ndani ya sekunde 30 ihesabiwe mara moja tu, na kwamba maombi yanayotumwa na roboti, yaani programu zinazozunguka kwenye intaneti zikikusanya kurasa bila binadamu kusoma, yaondolewe. Linatenganisha pia kuipeleleza kazi, kama vile kufungua muhtasari wake, na kuiomba nzima, tena linahesabu peke yake idadi ya kazi zilizoombwa katika kipindi kimoja cha matumizi, kila moja ikihesabiwa mara moja tu, hata kama imefunguliwa kama ukurasa kisha ikapakuliwa kama faili. Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito, kwani baadhi ya tovuti zilikuwa zikimfungulia msomaji ukurasa kabla ya kumpa faili, na hivyo kusoma kumoja kukaandikwa kuwili, jambo lililolifanya jarida lionekane rahisi kuliko lilivyo pale ada yake ilipogawanywa kwa idadi ya matumizi.

Ripoti zinazotolewa kwa kufuata kanuni hizo zina sehemu isiyosomwa inavyostahili, nayo ni ile inayoorodhesha walionyimwa: waliobofya makala wakazuiwa kwa kuwa maktaba yao haikununua ruhusa, na waliozuiwa kwa kuwa idadi ya wanaoruhusiwa kusoma kwa wakati mmoja ilikuwa imetimia. Orodha ya matumizi huonyesha yale ambayo maktaba imekwisha kuamua kuyanunua, ilhali orodha ya kunyimwa huonyesha hitaji lenyewe, kwa hiyo mkutubi anayefuta usajili au kuongeza mwingine bila kuitazama anaamua akiwa na nusu ya ushahidi.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki kuzisoma hesabu hizi kwa uangalifu ni jambo zito zaidi. Maktaba za Tanzania zimeungana katika COTUL, na za Kenya katika KLISC, kila mmoja ukiwa ushirika wa maktaba zinazojadiliana na wachapishaji kwa pamoja na kugawana gharama. Aidha, tangu mwaka 2002, HINARI, mpango unaoongozwa na Shirika la Afya Duniani, umezipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Idadi ndogo ya upakuaji katika mazingira haya haithibitishi kwamba watu hawasomi. Mhadhiri akipakua makala mara moja na kuisambaza kwa darasa zima kwa simu au kwa diski mweko, seva huandika msomaji mmoja, na mwanafunzi aliyeishiwa bando au aliyesahau nywila ya kuingilia akiwa nje ya chuo haandikwi kabisa, hata katika orodha ya walionyimwa, kwa sababu hakufika kwenye makala yenyewe.

Kwa majarida yanayochapishwa huku, yakiwemo Kiswahili na Mulika ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kosa la hesabu linaweza kuelekea upande wa pili. Hifadhi za kielektroniki za vyuo zilizo wazi kwa kila mtu hutembelewa na roboti nyingi, na zisipochujwa, idadi ya upakuaji hupanda bila msomaji yeyote kuongezeka. Maktaba inayotaka kujua ukweli hulazimika kuchuja kumbukumbu za seva, kusoma orodha ya walionyimwa, kisha kuwaendea wanafunzi na wahadhiri wasioonekana katika hesabu yoyote na kuwauliza wanasoma nini, wanakipata wapi, na ni kipi walikitafuta wakakikosa.