Kongo: Kumlinda Okapi ni Kujua Alipo

Katika misitu minene ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huishi mnyama asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote. Huyo ni okapi, ndugu wa karibu kabisa wa twiga. Wenyeji wa msitu wa Ituri walimjua tangu zamani, ingawa wataalamu wa Ulaya hawakumtambua mpaka mwaka 1901. Tangu mwaka 2013 amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Ndugu wasikilizaji, swali la kwanza katika ulinzi wowote ni hili: kinacholindwa kiko wapi? Kwa okapi, jibu si rahisi. Huishi peke yake, tena ni mwepesi wa kujificha. Kwa hiyo askari wa hifadhi na watafiti hufuata nyayo na kinyesi, huandika mahali na tarehe, na kutega kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama apitapo. Kinyesi chake huweza kudhaniwa kuwa cha bongo, mnyama mwingine wa msituni. Ndiyo maana hupimwa vinasaba ili kuondoa shaka. Kila alama iliyothibitishwa hutiwa katika ramani.

Faida ya kazi hiyo imedhihirika. Katika Hifadhi ya Virunga okapi hakuwa amethibitishwa kuonekana tangu mwaka 1959. Mwaka 2008 kamera zilimnasa, na mahali palipodhaniwa patupu pakajulikana kuwa pana mali ya kulindwa.

Hata hivyo, ramani peke yake haizuii risasi. Tarehe 24 Juni, 2012, watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, katika Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992, nchi hiyo ilipokuwa ikiitwa Zaire. Wavamizi hao walichukizwa na doria dhidi ya ujangili wa tembo na uchimbaji haramu wa dhahabu. Watu kadhaa waliuawa, wakiwamo askari wa hifadhi, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni waliangamia.

Kwa askari yeyote, funzo ni wazi. Mahali ambapo doria haifiki, habari hazipatikani. Na pasipo habari, mnyama huweza kumalizwa bila mtu kujua. Usalama wa Kongo, basi, ndiyo ngao ya kwanza ya ndugu huyu wa twiga.