Usitupe Chuma Usichokijua
Habari ya ndege za vita zilizookolewa katika mabanda ya zamani

Kila mkulima ajua kwamba banda la zamani halikosi vitu. Jembe lililovunjika mpini, debe lililotoboka, gurudumu la mkokoteni lisilo na mwenziwe, vyote huingizwa humo kwa neno moja tu, "Huenda kikafaa siku moja," na siku hiyo haifiki. Hatimaye paa huvuja, mchwa hupanda nguzo, na mwenye mji huamua kusafisha. Hapo ndipo penye jambo tutakalo kuwaeleza wasomaji wetu: katika nchi mbalimbali kazi hii ndogo ya kusafisha mabanda na maghala imeokoa mabaki ya ndege za vita ambazo watu walidhani zimekwisha. Laiti wenye mali wangalikuwa na haraka ya kutupa, zingalipotea kabisa.

Habari iliyo bora ni ya Bikaner, mji wa jangwani katika Rajasthan, Bara Hindi. Vita Kuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, Uingereza ilibaki na ndege nyingi mno zisizo na kazi. Basi ikaamua kuzigawa bure kwa nchi zilizokuwa chini ya himaya yake, na Bara Hindi ikapewa ndege 100. Chache katika hizo zilimfikia Maharaja Ganga Singh wa Bikaner, yule ambaye askari wake wapanda ngamia walipigana Misri, na ambaye mwaka 1919 alitia sahihi yake katika mapatano ya Versailles.

Ndege hizo zilikuwa za aina iitwayo DH9, iliyobuniwa na Geoffrey de Havilland na kuanza kuruka mwaka 1917. Ilichukua watu wawili, rubani na mwenzake wa nyuma mwenye bunduki, na kazi yake ilikuwa kutupa mabomu. Mwili wake ulikuwa wa mbao, umefungwa kwa nyaya na kuvikwa kitambaa. Injini yake, jina lake Puma, ilikuwa na nguvu za farasi 230 hivi, nayo ilijulikana sana kwa kuwasumbua marubani. Zilitengenezwa ndege kwa maelfu, lakini amani ilipokuja hakuna aliyeona sababu ya kuzitunza. Mbao zikachomwa, chuma kikayeyushwa, hata Uingereza yenyewe ikawa haina hata moja ya kuwaonyesha wajukuu.

Huko Bikaner mambo yalikwenda namna nyingine. Ndege zilipochakaa zilitiwa katika zizi la tembo, nazo zikasahauliwa humo miaka mingi. Katika miaka ya 1990 habari zake zilimfikia Mwingereza Guy Black, ambaye kazi yake ni kufufua ndege za kale. Alipofika alikuta lundo la mabaki, na mbao zake zimeliwa na mchwa, kama sisi wenyewe tujuavyo mchwa hufanyavyo ghalani.

Mtu mwingine angaliona kuni na takataka. Lakini fundi huyo alijua kwamba mbao mpya zaweza kuchongwa, ila vyuma vya asili, yaani viungo, bawaba na vishikizo, ni vigumu mno kuvipata, na ndivyo vinavyomwonyesha fundi vipimo vya kazi yote. Zikafuata taratibu ndefu za kununua na kusafirisha, kisha miaka ya kazi ya mikono. Ndege moja ilikabidhiwa jumba la makumbusho ya vita la Duxford, Uingereza, mwaka 2007. Ya pili ilipaa angani hapo hapo Duxford mwezi wa Mei 2019, ikivutwa na injini ya Puma, zaidi ya miaka 100 tangu aina yake iliporuka mara ya kwanza. Nao watu wa Bikaner hawakuachwa mikono mitupu, kwa maana ndege ya aina hiyo yaonyeshwa katika ngome yao ya Junagarh.

Wala si chuma peke yake kilicho na thamani. Mwaka 2017, katika kiwanda cha ndege cha Broughton, nchi ya Wales, jengo moja kuukuu lilikuwa karibu kubomolewa. Kabla ya kubomolewa zikaonekana humo kadi zaidi ya 20,000 zenye picha ndogo za michoro ya ndege Mosquito ya vita vya 1939-1945. Mosquito ilikuwa ndege ya mbao iliyoundwa kwa msaada wa maseremala wa samani, na ya mwisho kabisa ilimalizika katika kiwanda hicho hicho mwaka 1950. Tangu ajali ya mwaka 1996 Uingereza haikuwa tena na Mosquito ya kuruka. Kadi hizo walipewa watu waliojitolea kuunda nyingine. Tingatinga lingalitangulia kwa siku chache tu, elimu hiyo yote ingalizikwa chini ya kifusi.

Hata hivyo, msomaji asidanganywe na kila uvumi. Kwa miaka mingi palisemwa kwamba ndege mpya za Spitfire zilizikwa ndani ya makasha huko Burma, nchi waliyopigania askari wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 wachimbaji walikwenda na mitambo yao, wasipate hata moja. Kitu cha kushikwa mkononi, hata kikiwa kidogo, chapita hadithi kubwa.

Nchini Kenya nako, wakati wa vita vya 1939-1945, marubani walifundishwa Nakuru na Nanyuki, na Eastleigh palikuwa na kituo cha ndege za vita. Kwa hiyo si ajabu mtu wa sehemu hizo kukuta bandani kwake kipande cha bati jepesi lisiloshika kutu, au saa isiyosoma wakati. Afanyeje?

Kwanza, asikisugue. Vipande vingi vya ndege vimepigwa chapa ya namba, na vya Uingereza mara nyingi vina taji na herufi A.M. Kwa namba hizo fundi aweza kutambua kipande kimetoka ndege gani. Lakini msasa ukipita, ushahidi umekwisha. Pili, aandike kilipatikana wapi, na nani alikileta, maadamu wazee wanaokumbuka wangali hai. Tatu, apeleke habari makumbusho kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hulipa kwa uzito na hajali historia.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ajihadhari. Saa za ndege za zamani mara nyingi zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae usiku. Hata rangi ikiacha kung'aa, sumu yake haijaisha, na vumbi lake likiingia mwilini huleta maradhi mabaya. Kioo kisifunguliwe, wala watoto wasipewe kuchezea. Ama risasi, bomu, au chochote kinachofanana navyo, kisiguswe kabisa, polisi waitwe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Huko Bikaner mbao ziliharibika, lakini akiba ilibaki, kwa sababu hapana aliyeitupa na alitokea mwenye kuijua. Basi tusafishe mabanda yetu, maana uchafu si heshima, lakini tusafishe macho yakiwa wazi, na tuulize kwanza kabla ya kutupa.