Ni Nani Aliyeandika? Haki na Amana Katika Kazi ya Kundi

Kazi ya kundi shuleni ina maradhi yake ya tangu zamani. Wanafunzi watano hupewa mada moja. Mmoja wao hukesha akiandika, wanne huongeza majina yao tu, kisha wote hupewa alama sawa. Aliyetaabika hubaki na kinyongo, na asiyefanya kitu hujifunza kwamba jasho la mwenziwe ni halali yake. Hilo la pili ndilo linalopasa kumsumbua mzazi zaidi.

Siku hizi baadhi ya walimu huwapa wanafunzi waraka wa pamoja katika intaneti, kama ule wa Google Docs, ulioanza mwaka 2006. Kila mwanafunzi huufungua kwa kifaa chake, nao wote huweza kuandika na kusahihisha kwa wakati mmoja. Lakini faida yake kubwa kwa mwalimu imo katika kumbukumbu. Waraka huhifadhi historia ya mabadiliko, nayo huonesha ni akaunti ipi iliyoongeza au kufuta maneno, na lini.

Hata hivyo, mwalimu mwadilifu hahukumu kwa kumbukumbu hiyo pekee. Mtoto asiye na kifaa nyumbani huenda alizitoa hoja kwa mdomo, na mwenzake akaziandika kwa akaunti yake. Historia ya waraka huonesha mkono ulioandika, haioneshi kichwa kilichofikiri. Kwa hiyo swali na litangulie hukumu: "Hebu nieleze, aya hii ina maana gani?" Aliyeshiriki kwa kweli hatakosa la kusema.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kwanza, kila mtoto aingie kwa akaunti yake mwenyewe, wala asimpe rafiki nywila yake. Akaunti moja ikitumiwa na watano, kumbukumbu hupoteza maana. Pili, waraka una ngazi tatu za ruhusa: kutazama, kutoa maoni na kuhariri. Kiungo kikiachwa wazi kwa kila mtu, hata mgeni atakayekipata ataweza kusoma kazi ya watoto, na akiwa na ruhusa ya kuhariri, ataweza kuiharibu. Ni salama zaidi kuwaalika wanakundi peke yao. Tatu, palipo na simu moja tu nyumbani, mtoto atengewe muda maalumu wa kuitumia, ili unyonge wa kifaa usije ukadhaniwa kuwa ni uvivu.

Mwisho wa yote, tunamlea mtoto ajue kwamba kazi ni amana hata pale ambapo hakuna kompyuta inayoweka kumbukumbu. Basi kabla hajaweka jina lake juu ya kazi ya kundi, mzazi amwulize kwa upole: "Mwanangu, sehemu yako ni ipi?" Akisita kujibu, bado ana nafasi ya kurudi kwa wenzake na kuibeba.